Mjonso umechunguzwa, tena hapahapa Mahale

Mwandishi, pole na kazi, lakini hapo ulipoandika kwenye makala yako kwamba mjonso, mti mchungu ambao sisi huku Kigoma na Watongwe tunautumia kama dawa, ni imani tu na haujawahi kuingia maabara, si kweli.

Mwaka 1987 pale kwenye hifadhi ya Milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayezijua dawa za msituni, alikuwa na mtafiti Michael Huffman wakimfuatilia sokwe jike mgonjwa, Chausiku. Sokwe yule alivunja chipukizi la mjonso, akamenya ganda, akatupa majani, akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu, kisha akatema makapi. Kesho yake akawa na nafuu. Aliyemweleza mgeni kwamba mti huo ni dawa ya tumbo ni Kalunde. Jina lake lipo kwenye ripoti yao ya 1989 kuhusu tukio hilo, basi na ninyi mlitaje!

Baadaye wanasayansi wa Japani waliupima mmea huo (kitaalamu ni Vernonia amygdalina), wakakuta kemikali chungu ambazo maabarani zilidhoofisha vimelea, wakiwemo wa kichocho. Mojawapo, vernodalini, ni sumu ikizidi, na imejaa zaidi kwenye majani na ganda, zilezile sehemu alizotupa Chausiku.

Hapo ndipo ningependa makala ikae. Huku Kigoma watu tunaloweka majani, tunakunywa kwa kukisia, hata watoto tunawapa. Waulizeni wazee wa Kitongwe wanapimaje, mkawaulize na wafamasia wetu. Ila mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kwanza.