Nilivyomwekea Vasco da Gama matanga Malindi

Haya, hiyo vidio yangu na watoto wa shule kwenye nguzo ya Vasco da Gama nishaiona. Nimetumiwa na watu kumi na mmoja tangu jana usiku, wa mwisho ni mamangu mzazi ambaye siku zote hajui kutuma picha ila hii kaweza. Sasa kwa vile huyu jamaa yangu (namwita jamaa kwa mazoea tu) kaikata anapopenda yeye, nami acheni niseme mwanzo wake, maana pale naonekana kama kichaa aliyezuka kusimamisha watoto wa watu juani.

Chanzo ni wakwe. Mjomba wa mchumba wangu na mkewe wameshuka kutoka bara, bahari hawajawahi kuiona, nami nikajitia mwenyeji. Nikawapeleka kule kwa nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno wa zamani, ile nyeupe iliyochongoka juu ya mwamba uliotokeza baharini, na jamaa yangu nyuma na simu yake eti atupige picha. Pale kulikuwa na kijana anayetembeza wageni, akatujia kwa adabu zake, nikamwambia kaka asante, mambo haya mie nayajua.

Msicheke bado. Nilianza vizuri wallahi! Nikawaambia Mreno alitia nanga hapa Aprili 1498, katoka Mombasa ambako mambo yalimchachia, mpaka usiku watu wakaogelea kwenda kuzikata kamba za meli zake, na kwa vile mfalme wa Malindi na wa Mombasa walikuwa hawapikiki chungu kimoja huyu wetu akampokea kwa shangwe na akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, Mei wakawa washafika India. Nikawaonyesha na msalaba wa juu, nikasema jiwe lile lilitoka Ureno kwenyewe. Yote kweli! Shangazi akamgeukia mumewe akasema, "Huyu kijana kasoma."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu akishaambiwa kasoma hawezi tena kusema sijui.

Mjomba akauliza, "Na mwenyewe aliishia wapi?"

Sasa sikizeni. Malindi hiyo hiyo kuna kikanisa cha Wareno, kidogo, cha makuti, kina makaburi uani, ndipo inasemekana padri mmisionari Francis Xavier alipozika baharia alipopita mwaka 1542 akienda India. Nilipelekwa huko nikiwa darasa la tano. Na kichwani mwangu, miaka yote hii, kaburi la kule na nguzo ya huku vikawa vimeoana bila mimi kualikwa. Nikashusha sauti, ile ya msibani kabisa, nikasema, "Mjomba, amelala hapa hapa tulipo."

Mjomba akavua kofia.

Angebaki na kofia yake tungeenda zetu tukale samaki. Lakini mtu mzima wa miaka sitini na ushee kavua kofia, upara unang'aa jua la saa saba, utamwachaje peke yake? Nikasema tumpe dakika moja ya ukimya. Na wakati huo huo wakatokea watoto wa shule, safari ya masomo, kama arobaini hivi, mwalimu wao akaona watu wameinamisha vichwa akadhani ni utaratibu wa mahali, akaweka kidole mdomoni. Shiiii. Wote kimya.

Saa sina. Nikawa nahesabu kichwani. Nilipofika thelathini na nane kunguru akatua juu ya msalaba akasema kwaaa, nikapotea hesabu, nikaanza upya kutoka moja. (Ndiyo maana vidio ni ndefu, wale mnaouliza.) Mawimbi yanapiga chini ya mwamba, jasho linanitiririka mgongoni, kwa upenyo wa jicho namwona shangazi anasogea taratibu, ana ua la waridi alilochuma hotelini, anainama, analilaza chini ya nguzo. Halafu anafuta chozi. CHOZI jamani. La Mreno.

Arobaini na tano. Arobaini na sita. Kidole kikapanda.

Kabinti kadogo, meno mawili ya mbele hakana. "Mwalimu, kwa nini tumenyamaza?"

Mwalimu akanitazama mimi. Nikasema, kwa upole, "Tunamkumbuka marehemu, mwanangu, hapa ndipo alipozikwa."

"Lakini anko, alikufa India. Cochin. 1524."

Mimi kimya. Sasa ule ukimya ukawa wangu peke yangu. Na mwalimu, badala ya kunisitiri kama Mwislamu mwenziwe, kazi ikamwita, akawageukia watoto: "Wakamzika huko huko, halafu baadaye mifupa yake ikapelekwa Ureeee...?"

Watoto arobaini, kwa sauti moja, usoni mwangu: "NO!"

Hicho ndicho kipande mnachokichezea kama mlio wa simu. Kile ambacho hakimo kwenye vidio ni shangazi. Alisimama kidogo, akanitazama, akarudi pale kwenye nguzo, akainama, akaokota ua lake, akalirudisha mkobani. Akafunga zipu. Ile zipu niliisikia mpaka ndani ya mifupa yangu, ambayo bado haijapelekwa popote.

Mjomba akavaa kofia akauliza, "Sasa tulikuwa tunamlilia nani?"

Yaliyobaki ni mafupi. Yule kijana wa kutembeza wageni nilimlipa, akaanza upya kutoka Aprili 1498, nami nikasimama nyuma na watoto. Mwalimu alinishukuru, eti hajawahi kuwanyamazisha muda mrefu hivyo. Mchumba ananiita Vasco. Na leo asubuhi mjomba kapiga simu, nikadhani yameisha, kumbe anauliza kama kale kabinti kanaweza kupatikana siku ya kuja kuzungumza mahari, kakae karibu yangu nikiwa naongea.