Krismasi na Kiti cha Enzi: Yesu Anatawala Sasa ama Tungoje?

Kama Yesu ni mfalme saa hii, mbona Nairobi iko hivi? Hilo swali hurudi kila Disemba, ukipita pale Archives mjini jioni utapata mhubiri na spika yake amezungukwa na watu wanamuuliza hilo hilo, kwa magrupu ya WhatsApp ya kanisa ndio usiseme, na mara nyingi mtu hujibu haraka haraka halafu stori inarudi kwa fea za kwenda ushago. Mimi naliona swali la maana kuliko lile lingine la kila mwaka, la kama Yesu alizaliwa 25 Disemba ama la. Hilo la tarehe tulimalize hapa hapa: Biblia haitaji siku, ile tarehe tunaiona kwa kalenda ya Roma ya mwaka 354, Waethiopia wanaadhimisha 7 Januari na hakuna mtu anawaambia si Wakristo, na Wapresbiteri wa Scotland, wenyewe waliotuletea PCEA, kanisa la Presbiteri la huku kwetu, walikaa miaka mingi sana bila kujali hii siku hadi ikawa sikukuu ya umma kwao 1958. Ukisherehekea sawa, usiposherehekea pia sawa, Paulo alishasema kwa Warumi 14 kila mtu aamini akilini mwake. Tusonge.

Sasa, huyu mtoto alizaliwa afanye nini? Hapa ndio naona tumepunguza habari. Ukiangalia Luka 1, Gabrieli anapomtokea Mariamu hazungumzii hori wala ng'ombe, anazungumzia kiti cha enzi cha Daudi, na anamalizia "ufalme wake utakuwa hauna mwisho." Luka 2 nayo inaanza na amri ya Kaisari Augusto, watu wanafunga safari wakaandikishwe, yaani kabla hujafika kwa wachungaji ushaonyeshwa ni nani watu wote walidhani anaendesha dunia. Na Mathayo ndio kabisa, mamajusi wanaingia Yerusalemu wakiuliza aliko mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa, na Herode anafadhaika na mji wote pamoja naye. Herode alikuwa mtu mbaya lakini hakuwa mjinga, alielewa kitu ambacho sisi na keki zetu tunakipita: mtu hafadhaiki hivyo kwa sababu ya bethidei.

Kwa hivyo wote wanakubaliana huyu ni mfalme, ubishi ni kuhusu lini.

Upande wa kwanza wanasema ameshaanza. Yesu mwenyewe baada ya kufufuka alisema "Nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani," nimepewa, si nitapewa. Petro siku ya Pentekoste anachukua Zaburi 110, ile ya keti mkono wangu wa kuume, anawaambia watu wa Yerusalemu imetimia, huyu mliyemsulubisha ameketi tayari. Hiyo zaburi Agano Jipya linairudia kuliko karibu andiko lingine lolote la kale, si mstari wa kubahatisha. Na ukitaka historia iko, 1925 Papa Pius XI alianzisha sikukuu ya Kristo Mfalme, na angalia ni wakati gani, vita kuu ya kwanza imeisha juzi, Mussolini ndiye anashika Italia, serikali zinataka mtu azipende kama Mungu. Mwanzoni ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, halafu mageuzi ya 1969 yakaisukuma hadi Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kwa hivyo Mkatoliki wa hapa Nairobi anasikia habari ya Mfalme wiki moja tu kabla hajaanza kujitayarisha kwa Krismasi. Mimi napenda hiyo mpangilio.

Na mara moja moja hiyo imani huonekana hadharani. Novemba 2024 Rais alienda ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa mchango wa mamilioni, na kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema hizo pesa zitarudishwa. Watu wakabishana wiki nzima kama ni haki, kwani kanisa si linahitaji nyumba ya padri, na kwani harambee za makanisa zimeanza leo? Lakini angalia kalenda, Jumapili iliyofuata, tarehe 24, ilikuwa Kristo Mfalme. Sijui kama kuna mtu alipanga hivyo na sidhani, ila ukitaka mfano wa kumwambia mkubwa wa nchi kwamba humu ndani kuna mwingine mkubwa zaidi, huo ulikuwa mzuri kuliko mahubiri mengi.

Upande wa pili wanasema pole pole, bado hajaanza. Ukweli ni kwamba hawa huchekwa bure, ati ni mambo ya machati, ile michoro ya nyakati za mwisho, ya Wamarekani. Ni kweli ile mipango ya kugawa historia vipindi vipindi ilitoka kwa mhubiri John Nelson Darby karne ya 19 na ikasambaa na Biblia ya Scofield ya 1909, na makanisa yetu mengi yaliipata kupitia wamisionari. Lakini wazo lenyewe, kwamba Kristo atarudi ndio atawale miaka elfu moja hapa duniani kama inavyosema Ufunuo 20, Justin Martyr, mwalimu wa kanisa la mwanzo, alikuwa analiamini karne ya 2. Ni la kale. Na andiko wako nalo, tena kali: Waebrania 2:8, "Lakini sasa bado hatujaona vitu vyote kutiwa chini yake." Hiyo "bado" ni ya Biblia, si ya mtu mwenye imani haba.

Alafu wako na ushahidi wa barabara. Mwambie mama ambaye mtoto wake alipigwa risasi kwa maandamano ya 25 Juni 2024 kwamba Yesu anatawala, na uangalie uso wake kabla hujaendelea na pointi yako ya pili. Mtu akisema mimi nangoja mfalme aje amalize hii kitu, huyo hajakosa imani, ameona.

Lakini ukisoma Mathayo 2 hadi mwisho unapata hiyo hiyo kitu imo ndani ya Krismasi yenyewe. Mfalme amezaliwa, nyota imeonekana, na bado askari wa Herode wanaua watoto wa Bethlehemu, Raheli analia na hataki kufarijiwa, na mfalme mwenyewe usiku anavukishwa mpaka wa nchi kama mkimbizi kwenda Misri. Huo mstari hausomwi sana kwa kipindi cha watoto kanisani na naelewa kwa nini. Ila ndio unaonyesha kwamba walioandika Injili hawakuona haya kuweka mfalme na maiti kwa ukurasa mmoja, na hawakuchukulia moja inafuta nyingine.

Kila upande una venye huharibika pia. Hawa wa sasa wakizidisha unapata yule pasta wa tawala na miliki, Yesu ni mfalme kwa hivyo mimi mtoto wa mfalme natakiwa gari kubwa la V8, na mwanasiasa naye anapewa mimbari kwa sababu ati mamlaka yote yametoka kwa Mungu, mistari miwili inashonwa pamoja na sadaka inapitishwa. Hawa wa "bado" wakizidisha, Yesu anakuwa kama MCA, mjumbe wa wadi, aliyechaguliwa lakini hajaapishwa, huwezi kumpelekea kitu, basi Jumapili tunaimba na Jumatatu tunatoa kitu kidogo pale ofisini kwa sababu enzi yake haijafika huko. Mimi naona hili la pili ndilo limetushika zaidi hapa mjini, hata kwa makanisa ambayo kwa karatasi yanafundisha anatawala sasa.

Mimi nasimama na wa kwanza, anatawala sasa, na sababu yangu kubwa ni mstari ambao pande zote mbili hupita wakikimbilia mwingine. Zaburi 110 mstari wa pili: "Uwe na enzi kati ya adui zako." Kati yao, si baada yao kuisha. Paulo anaufuata huo mpangilio kwa 1 Wakorintho 15, sharti amiliki mpaka maadui wote wawekwe chini ya miguu yake, na wa mwisho kubatilishwa ni mauti. Kwa hivyo kama kifo bado kiko, na kiko, hiyo haionyeshi hatawali, inaonyesha tuko wapi kwa hiyo orodha. Mtu wa "bado" anaona maadui wamejaa anasema hakuna mfalme, Paulo anaona maadui hao hao na kwake ndio sababu ya mfalme kuwa kazini.

Mnajua kesi za ardhi za hapa kwetu, mtu ana taito, koti imeamua ni yake, lakini waliovamia wako ndani ya ploti wanajenga na kukodisha. Umiliki hauna shaka, kilichobaki ni kuwatoa. Mfano wenyewe unagoma mahali pamoja tu, mwenye ploti wa Nairobi huleta tingatinga saa kumi na moja alfajiri, na huyu hajaleta, 2 Petro 3:9 inasema anavumilia akitaka watu watubu, na kati ya hao waliovamia, kusema ukweli, tumo. Mfalme aliyelazwa kwa hori la ng'ombe ungetarajia atawale tu hivyo, pole pole hadi inaudhi.

Mtu ataniuliza basi kwa nini tunaomba "Ufalme wako uje" kama umekuja. Kwa sababu hao wavamizi bado wamo. Na yule mama wa Juni naye hiyo ndio sala yake, hatakiwi kuongezewa maelezo juu yake.

Ile miaka elfu moja ya Ufunuo 20 sina haraka nayo. Justin aliingoja kama miaka halisi, Augustino, askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, naye aliiamini hivyo kwanza halafu akabadilisha akasema ni wakati huu wa kanisa tulio nao, na wote wawili ni watakatifu kwa kalenda, hakuna aliyetolewa kwa grupu.