Wenye PS4 mmewasahau

Ndugu mwandishi, unasema gemu ya Cyberpunk 2077 imejisafisha jina. Kweli, toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilifumua upya polisi na ujuzi wa mhusika, mchezo ukanoga. Lakini lilikuja kwa mashine mpya za gemu, yaani PS5 na Xbox mpya, na kompyuta tu! Walionunua gemu hiyo kwa PS4, mashine ya zamani ya Sony, Desemba 2020, ikikwama hovyo hadi Sony ikaiondoa dukani kwake, hawakulipata toleo hilo la 2.0. Na kabla ya mauzo CD Projekt Red, waliotengeneza gemu hiyo, waliwapa wahakiki toleo la kompyuta pekee, si la PS4, sifa zikamwagika. Hilo ndilo linaloniuma. Vibanda vya gemu ninavyovijua hapa Kampala bado vinaendeshwa na PS4. Tafadhali, liongezeni kwenye makala.