Picha Inatosha Kuikataa Sarafu, Haitoshi Kuikubali

Katika vikundi vya WhatsApp vya wakusanyaji hapa Kampala kuna watu wanaotaja daraja la sarafu, yaani kiwango cha hali yake, kabla picha haijamaliza kufunguka. Sarafu imewekwa juu ya meza ya plastiki, kivuli cha simu kimelala usoni pa mfalme, na tayari jibu limeshuka: "XF hiyo, mzee, usiitoe kwa bei ya kutupa." XF ni daraja la juu, la sarafu iliyolika kidogo tu. Mimi nikiulizwa hutaja madaraja mawili au matatu yanayopakana, na mwenye sarafu huona namkwepa. Simkwepi. Picha inaweza kunihakikishia kwamba sarafu ni mbovu, lakini haiwezi kunihakikishia kwamba ni nzuri.

Kwa nini daraja liwe jambo la kubishania? Chukua shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha mfalme George V wa Uingereza, zile zenye tarehe za 1921 hadi 1925. Uzito wake ni gramu 7.8 hivi, na robo tu ndiyo madini ya fedha. Ukiiyeyusha hupati hata gramu mbili, kwa hiyo sonara hana sababu ya kukupa pesa ya maana. Senti 50 za kabla yake, zile zinazoitaja Uganda kwa jina, zina fedha asilimia 80. Hata iliyosagika vibaya haikosi kitu kwenye mizani. Shilingi haina kimbilio hilo. Bei yake karibu yote imo katika hali yake.

Kulika kunaonekana vizuri pichani. Sarafu huanza kulika pale palipoinuka: vito vya taji, nyusi na masharubu ya mfalme; ukigeuza, manyoya ya shingo ya simba na bega lake. Kama shingo ya simba imekuwa bapa na vito vya taji vimeungana kuwa mstari mmoja, hakuna picha nyingine itakayoiokoa. Rangi nayo husema. Sarafu zenye fedha kidogo hivyo, ngozi ya juu ikishaondoka, huanza kuonyesha unjano au wekundu wa shaba pale palipoinuka, huku sehemu za chini zikibaki nyeupe. Hapo natamka daraja la chini bila kusita, hata mwenyewe akiapa kwamba babu aliiweka tu ndani ya kopo.

Ugumu huanza pale sarafu inapoonekana nzuri. Sarafu inapopigwa muhuri kiwandani, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno, isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu unapoiinamisha huku na huku. Ukiisugua, mistari inakufa na hairudi. Sasa picha ni pembe moja ya mwanga iliyogandishwa. Sarafu iliyosuguliwa na sarafu ambayo haikuwahi kuingia mfukoni zinaweza kutoka sawasawa, zote nyeupe, zote zinawaka. Na ukiona shingo ya simba imefifia kidogo, picha haikuambii kama imelika au kama muhuri wa kiwandani haukuibana sawasawa tangu mwanzo. Mkononi ungejua upesi: pale palipolika mng'ao umekufa, na pale ambapo muhuri haukukaza mng'ao unapita juu yake kama kawaida.

Halafu simu zenyewe zinasaidia uongo. Kamera nyingi siku hizi hulainisha picha zenyewe bila kuombwa, na WhatsApp huibana ikitumwa kwa njia ya kawaida. Kitu cha kwanza kupotea ni mikwaruzo myembamba ya mswaki, yaani ushahidi wenyewe niliokuwa nautafuta. Ndiyo maana naomba picha itumwe kama faili. Wengine hudhani najidai.

Na huku kwetu kusugua ni desturi. Jivu, ndimu, dawa ya meno: mtu akipata sarafu nyeusi huona aibu kuipeleka kwa mnunuzi ikiwa hivyo, kama vile angemkaribisha mgeni nyumba haijafagiwa. Weusi ule ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani na ya moshi, na kwa mkusanyaji mara nyingi ni dalili njema. Picha ikinionyesha weupe wa kifuani na shavuni uko sawa kabisa na weupe wa pembeni, huku uchafu mweusi umebaki katikati ya herufi, najua mswaki umepita. Hapo daraja linashuka, hata kama kila unywele wa simba unahesabika.

Wapo watakaonijibu kwa namba: si kuna kipimo cha 1 hadi 70? Kipo. William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, akiwa na wazo kwamba sarafu ya 70 ingestahili bei mara sabini ya ile ya 1. Soko lilikwisha liacha wazo hilo la bei, namba zikabaki. Kampuni za upimaji kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya mwaka uliofuata, huishika sarafu na kuigeuza chini ya taa, na bado kuna wenye sarafu wanaozitoa ndani ya kasha la plastiki la kampuni na kuzirudisha wakitumaini namba ya juu zaidi. Kama hao wanatofautiana wakiwa nayo mkononi, anayesema "58" kutokana na picha ya simu anajifurahisha tu.

Ninachomwomba muuzaji si kigumu. Asimame dirishani asubuhi, jua likitokea upande mmoja, azime taa ya simu, anipigie video fupi huku akiinamisha sarafu polepole, pande zote mbili na ukingo. Ukingo husahaulika, ilhali ndiko alama ya risasi ya kuchomelea hujificha kwenye zile zilizowahi kuvaliwa shingoni. Kisha picha moja sarafu ikiwa juu ya mizani ya sonara. Shilingi ikisoma gramu 6 badala ya 7.8, mazungumzo ya daraja yameisha.

Akiyaleta hayo, natoa bei ya daraja la kati. Akileta picha moja tu yenye kivuli, nalipa bei ya daraja la chini kabisa kati ya niliyoyataja, na yuko huru kukataa akaiuze kwa yule aliyemwambia XF.