Fomu ya kufunga kizazi isisomwe mara ya kwanza mlangoni mwa thieta

Leo naomba niongee na wanandoa wenzangu Wakatoliki, hasa wanaume, maana haya mambo ya kizazi tumewaachia akina mama utadhani mtoto anatafutwa na mtu mmoja. Jumamosi iliyopita tulikuwa jumuiya hapa Kirumba, tumemaliza kusali na kusoma neno, mama mmoja akauliza, hivi mtu akishapasuliwa mara tatu na dokta akamwambia mama inatosha funga kizazi, ni dhambi kweli? Kimya. Wanaume wote tukaangalia chini, mwenyekiti akasema tutamuuliza paroko, ukaimbwa wimbo wa mwisho kila mtu akashika njia yake. Kile kimya kimeniuma wiki nzima kwa sababu mimi yalishanikuta, na nilikaa kimya kama wengine.

Watoto wetu watatu wote mke wangu kajifungua kwa kisu. Huyu wa tatu ni wa mwaka 2019, hospitali siitaji. Nesi alitoka ndani ameshika ubao una karatasi mbili, moja ya kukubali operesheni na nyingine ya kufunga mirija ya uzazi, yaani kufunga kizazi, peni imefungwa kwenye ubao kwa kamba ya bandeji. Akaniambia baba saini hapa na hapa, tunaingia thieta sasa hivi. Ukweli wa Mungu nilikuwa nasaini zote mbili. Nilishawaza ada za shule, nikawaza na ile operesheni ya pili alivyotoka damu nyingi, nikaona basi, bora yaishe. Kilichonizuia ni swali tu, nikamuuliza nesi mwenyewe amekubali? Akanijibu anakusubiri wewe. Nikaomba nimwone. Nikamkuta kwenye machela na dripu mkononi, akanishika vidole akasema, "Baba Neema, hili sisi hatujaliongea."

Miaka saba ya ndoa na watoto watatu, na hatujaliongea. Nikasaini moja.

Simlaumu nesi wala dokta, naomba nieleweke. Kila ukipasuliwa kovu linaongezeka, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza likajishika kwenye kovu likagoma kutoka, au mfuko wa uzazi ukachanika, na mama akafa kwa damu. Wao wanayaona haya. Lakini uamuzi wa kufunga moja kwa moja mtu hapaswi kuuamua akiwa na uchungu, tena mbele ya mume aliyeshikwa na woga kama nilivyokuwa mimi. Muda wa kuuongea ulikuwepo, miezi tisa nzima ya kliniki, na mimi kliniki nilienda mara moja tu, ile siku ya kwanza ya kupima.

Sasa Kanisa linasemaje, maana watu wanabahatisha sana. Papa Paulo VI kwenye waraka wake wa Humanae Vitae wa mwaka 1968 alikataa kufunga kizazi kwa makusudi, iwe kwa muda au moja kwa moja, na akataja mwanaume na mwanamke wote. Kwa hiyo wale wanaosema baba akienda kufungwa yeye hapo haina shida, shida ni ileile. Lakini waraka huohuo unasema wanandoa wakiwa na sababu nzito, za afya, za uchumi, za hali ya nyumbani, wanaweza kuamua wasipate mtoto mwingine kwa muda fulani au hata bila kuweka muda, ila wafuate siku za mwili wa mama zilivyo, yaani wakutane siku zile ambazo hawezi kushika mimba. Hii nusu ya pili kwenye mafundisho ya ndoa inapitwa mbiombio, ndo maana mtu anabaki anaamini Mkatoliki mwema ni yule anayezaa kila mwaka. Papa Fransisko Januari 2015 akiwa kwenye ndege anatoka Manila alisema wazi kuwa Mkatoliki halazimiki kuzaa kama sungura, akasimulia alivyomkemea mama mwenye mimba ya nane baada ya operesheni saba. Alikuwa anaongelea uzazi wa kuwajibika, na ni Papa aliyesema.

Kuna pagumu, na sitapazunguka. Je kama mimba nyingine inaweza kuua? Ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani ilishajibu, na Desemba 2018 ikajibu tena kwa kuongeza. Mfuko wa uzazi ukiwa wenyewe ni hatari kwa mama sasa hivi, kwa mfano unatoa damu isiyozuilika, dokta anaweza kuutoa. Na kama wataalamu wana uhakika kwamba mfuko hauwezi tena kubeba mimba mpaka mtoto afikie kuweza kuishi, kuutoa hakuhesabiki kufunga kizazi maana uzazi wenyewe haupo tena. Lakini kufunga mirija mizima kwa sababu ya mimba ambayo huenda ikaja na ikaleta hatari, hapana. Nilipoelezwa hivyo na padri nilikasirika, nikamwambia baba wewe hujakaa nje ya thieta kwa saa mbili unasikia watu wanakimbia na damu ya kuongeza. Hakunibishia. Akaniuliza tu, wewe uko tayari kufanya nini ili mkeo asibebe mimba kwa bahati mbaya? Nikakosa jibu, maana nilichokuwa nataka ni yeye akatwe ili mimi niendelee kama kawaida.

Tukaenda kujifunza njia ya Billings, ile waliyoianzisha wale wanandoa madaktari wa Australia miaka ya 1950. Mama anaangalia ute wake kila siku, jioni inaandikwa. Kwetu anayeandika ni mimi, daftari la mistari na kalamu za rangi za watoto, nyekundu damu, kijani mkavu, na siku za ute nachora kichwa cha mtoto. Ute ukianza tu mnakaa mbali, na baada ya kilele, yaani siku ya mwisho ya ute wa kuteleza kama wa yai bichi, mnangoja mpaka siku ya nne. Sio rahisi bana, hasa kwa sisi watu wa ziwani. Mimi nanunua dagaa visiwani, giza la mwezi lote niko Ukara au Ukerewe maana dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala ndo narudi Mwanza. Umekaa siku kumi na nane bila mke, unafika nyumbani na begi lako, unafungua daftari unakuta vichwa vya watoto vimepangana. Kuna miezi nililala sebuleni kwa hasira. Mke wangu akaniambia mbona mbalamwezi unaivumilia bila kumnunia mwezi? Tangu siku hiyo sijalala sebuleni.

Ndo maana nasema hii njia bila baba haiwezekani, na mahubiri yanayomwambia mama peke yake usifunge halafu baba anarudi usiku hataki kusikia habari ya siku, huo ni mzigo wa uonevu. Mkwe wangu kule Sengerema yeye anasema mtoto huja na riziki yake. Namheshimu sana mama na kwa watoto wangu nimeiona riziki hiyo, lakini riziki haizuii mtu kutoka damu.

Na kwa dada zetu ambao tayari wamefunga, wengine walisaini wakiwa kwenye uchungu, wengine mume ndo alisaini, naomba jumuiya tuache kuwasema. Kuna mama hapa aliacha kukomunika miaka mingi kwa aibu na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mlango wa kitubio uko wazi kwake kama kwa mimi niliyetaka kusaini.

Sisi wawili hatujamaliza. Mwaka huu yeye ndo anamtaka mtoto wa nne na mimi ndo naogopa, naliona lile kovu kila siku. Hatujaelewana bado ila safari hii tunaongea, jana tumeongea mpaka saa sita usiku, taa tumeshazima. Alhamisi tunaenda kwa dokta wote wawili akamwangalie hilo kovu atuambie ukweli, giza la mwezi linaanza Ijumaa, dagaa watanisubiri.