Unga wa Rhode Island, marudio ya Geita

Chukua kiroba kimoja cha marudio, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu, kutoka mwaloni Geita, kigawe mara mbili, uwapelekee wapimaji wawili hapa Mwanza. Mmoja akisema gramu tatu za dhahabu kwa tani na mwenzake akasema tano, mwenye mali atamwamini wa tano na mnunuzi atashika ya tatu. Watagombana hadi jioni, na hakuna atakayeuliza mashine zile zilihakikiwa kwa kitu gani kabla ya kuwekewa mchanga wao.

Kitu hicho wataalamu wanakiita sampuli rejea. Ni unga wa mwamba, tope la mto, hata nyama ya samaki, uliosagwa na kuchanganywa mpaka kijiko cha juu na cha chini vifanane, kisha ukapimwa kwa makini, mara nyingi na maabara kadhaa, hadi kilichomo kikajulikana pamoja na ukubwa wa shaka yake. Maabara makini huupima unga huo bega kwa bega na sampuli za wateja. Ikikosea kwenye unga inaoujua, itaaminiwaje kwenye mchanga isioujua?

Habari za unga wa aina hii zimekusanywa katika GeoReM, kanzidata ya mtandaoni ya Taasisi ya Max Planck ya Kemia iliyoko Mainz, Ujerumani, iliyoelezwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Mna maelfu ya sampuli rejea: miamba, vioo, madini, maji ya mito na ya bahari. Unaona majibu yaliyochapishwa, njia iliyotumika na kiwango cha shaka, wala hulipi senti.

Wanaoisifu husema imemfikishia mwanafunzi wa Mwanza kile alichokuwa nacho profesa wa Ulaya. Kweli. Ila mimi naipenda kwa sababu nyingine: inaanika kutokubaliana. Mwaka 1951 Wamarekani walichapisha matokeo ya unga wa aina mbili uliogawiwa maabara mbalimbali. Mmojawapo, G-1, ulikuwa granaiti ya Westerly, Rhode Island. (Nasi tumejenga mji mzima juu ya granaiti!) Majibu yalitawanyika kiasi cha kuwaaibisha wakemia, hata kwa silika, kiungo kikuu cha granaiti, waliyodhani wameimudu. Mtu akishaona mtawanyiko huo, hatapokea tena cheti chenye namba moja tupu kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni.

Tulilihitaji somo hilo mwaka 2017, wakati wa sakata la makinikia, mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje ya nchi. Kamati ya Profesa Mruma, iliyoundwa na Rais Magufuli, ilieleza kuwa makontena 277 yaliyozuiwa yalikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Kampuni ya Acacia, mwenye makinikia hayo, ikakataa, ikisema kiwango hicho kimepita mno kile ilichotangaza. Nchi nzima iligawanyika kwa uzalendo na siasa. Wachache tuliotaka kuona sampuli rejea zilizopimwa sambamba zilitoa jibu gani tulionekana tunapoteza muda. Nikiri hata hivyo kwamba zisingemaliza ugomvi wote, kwa kuwa unga rejea huikagua mashine, haumkagui aliyechota. Dhahabu haijatandazwa sawasawa kwenye mchanga. Punje moja ikiingia kwenye koleo lako, jibu linapaa.

Wasioisifu kanzidata hii wana hoja nzito zaidi. Kanzidata inakupa namba, unga wenyewe unanunua kwa fedha za kigeni, na unga huisha: G-1 uliisha, ikaja G-2 ya eneo lilelile. Halafu kuna suala la kufanana. Basalti, mwamba wa volkano, ya Hawaii ni kipimo kizuri cha basalti. Marudio yaliyopitia zebaki na sayanaidi, kemikali za kuchenjulia dhahabu, yana tabia nyingine ndani ya mashine, sembuse tope la Ziwa Victoria au dagaa. Na sisi tunajua samaki asiyeaminika anagharimu nini: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, viwanda vya minofu vya Mwanza viliumia.

Basi tusage wenyewe? Wapo wanaotaka hivyo, nami niko karibu nao, kwa sharti moja. Unga uliosagwa na maabara moja na kupimwa na maabara hiyohiyo ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Unahitaji maabara nyingi zisizojuana majibu, miezi mingi, na mtu wa kulipia. Zebaki nayo ina vituko vyake: ukikausha tope kwa joto kali, inapaa, na unabaki na rejea ya kitu ambacho hakimo tena.

Ningeanza na kidogo. Mapipa mawili, moja la marudio ya Geita na jingine la tope la ghuba ya Mwanza, yasagwe, yagawiwe maabara za nchi zote tatu za ziwa, na kila moja ipime pamoja na unga mmoja wa nje ambao thamani zake zimo GeoReM. Unga wa nje utaonyesha nani anapima sawasawa, na majibu ya mwenye kukosea yasihesabiwe kwenye unga wetu. Kikwazo nikionacho si ufundi. Maabara inayoishi kwa wateja italipaje, tena kwa hiari, ionekane mbele ya washindani wake kuwa ndiyo iliyokosea?