Mrejesho Si Hisani

Hakuna utafiti wa afya unaoingia kijijini bila fomu ya ridhaa. Mdadisi anaisoma mbiombio, mama anaitikia, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, kidole kinatobolewa, kisha yanafuata maswali ya kwenye kishikwambi, mengine ya siri mpaka mtu anaangalia pembeni. Mwishoni mwa fomu huwa pameandikwa kwamba matokeo yatawasilishwa kwa jamii. Yatawasilishwa lini, na nani, kwa fungu gani la pesa? Fomu haisemi. Ugomvi wangu na vyuo vikuu unaanzia hapo.

Utafiti wenyewe siupingi. Chuo kina maabara na watakwimu, kijiji hakina. Lakini nao watafiti wakija peke yao hawajui nani anaaminika kwa wajawazito, wala msimu gani watu wote wako shambani na milango imefungwa. Kila upande unamhitaji mwenzake, ila mkataba huandikwa na upande mmoja.

Tazama yaliyowapata Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ambao kijiji chao kiko chini kabisa ndani ya korongo kubwa la Grand Canyon, mahali pasipofika gari. Kisukari kilikuwa kinawasumbua, na kuanzia mwaka 1990 wakawapa damu watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakitegemea msaada. Baadaye wakaja kugundua kuwa damu hiyohiyo imechunguzwa kwa ajili ya skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili, na hata kueleza mababu zao walihama kutoka wapi, jambo linalogongana na imani yao kuhusu asili yao. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa maneno mapana, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na tafsiri yake. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, waliochoshwa na wageni wa kuuliza maswali, waliamua mwaka 2017 kutoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Anayetaka kuwachunguza anatakiwa kuzifuata.

Ushirikiano unaonivutia ni ule wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, na Chuo Kikuu cha Indiana, ulioanza 1989. UKIMWI ulipozidi, mwaka 2001 wakaanzisha mpango wa matibabu, na tafiti nyingi zikajengwa juu ya huduma hiyo. Wagonjwa wengine walipewa dawa lakini nyumbani hawana cha kula, basi mpango ukaanzisha mashamba na kuwagawia chakula. Mhadhiri hapandishwi cheo kwa kulima mboga, najua. Huduma ilitangulia, na ndiyo maana watu walikuwa na sababu ya kufungua mlango mtafiti alipobisha.

Watafiti hujitetea kwamba mfadhili hana fungu la mrejesho. Basi liombwe tangu kwenye andiko la mradi, na kamati ya maadili ikatae andiko lisilo nalo. Vyuo navyo vihesabu mkutano wa kijiji katika kupandisha watu vyeo, badala ya kuhesabu makala za majarida peke yake. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayetembea nyumba kwa nyumba kwa miguu, alipwe posho ya maana. Mara nyingi jina lake halimo hata kwenye shukrani.

Nasikia pia kwamba haifai kutangaza chochote kabla makala haijachapishwa. Kwa takwimu za mwisho, sawa. Lakini kama vipimo vimeonyesha maji ya kisima yana vimelea, kijiji kiambiwe wiki hiyohiyo, kwa sababu watu wanayachota kila asubuhi na wahariri wa jarida wanaweza kuchukua mwaka mzima kujibu.